Dhahabu kwa Bei ya Shaba: Historia Fupi ya Fremu za Wasio na Dhahabu

Utangulizi

Mwaka jana, siku chache kabla ya arobaini ya babu yangu, nilipewa kazi ya kutafuta fremu ya picha yake. Babu alikuwa fundi cherehani hapa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa jiji la Bujumbura, na picha yake nzuri ni moja tu: amekaa kitini, kofia kichwani, futikamba imening'inia shingoni. Bibi alitaka fremu ya dhahabu kama ile aliyoiona dukani. Niliuliza bei, nikatoka kimyakimya. Nikaenda kwa fundi seremala jirani, nikapata vipande vya mbao kwa bei ya urafiki, na kazi iliyobaki nikaifanya mwenyewe uani, kwa chaki, gundi, vanishi na unga wa rangi ya dhahabu uliofungwa katika kijikaratasi.

Fremu ilipendeza. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii ni dhahabu?" Nikajibu, "Ndiyo, bibi." Sikuona ubaya wowote. Nilitaka afurahi, na kweli alifurahi. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa akiifuta kwa kitambaa kibichi kabla hajafuta kitu kingine chochote sebuleni.

Masika yalipoingia, ukingo wa chini wa fremu ulianza kuwa wa kahawia. Baada ya wiki chache ukawa wa kijani. Bibi hakusema neno. Aliacha tu kuifuta.

Waswahili tunasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata miezi mitatu. Lakini kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa historia, aibu hiyo ilinipeleka maktaba. Nilitaka kujua unga ule umetoka wapi, nani alianza kuutengeneza, na watu wa zamani wasiokuwa na dhahabu walifanya nini walipotaka kitu king'ae. Katika insha hii nitaeleza niliyoyapata, kuanzia Misri ya kale hadi ziwa letu la Tanganyika. Hoja yangu ni moja: kitu kilichopakwa rangi ya dhahabu hakiwi cha uongo kwa sababu ya madini yake. Kinakuwa cha uongo kwa sababu ya jina tunalokipa.

Dhahabu ya kufunika ni ya tangu kale

Nilikuwa nikidhani kwamba kufunika mti kwa dhahabu ni ujanja wa maskini, na kwamba wafalme walitumia dhahabu tupu. Sivyo. Mwaka 1922 Howard Carter alipogundua kaburi la Tutankhamun nchini Misri, mfalme huyo wa karne ya 14 K.K. alikutwa amelazwa ndani ya majeneza matatu, moja ndani ya jingine. La ndani kabisa ni la dhahabu tupu, lenye uzito wa kilo 110 hivi. Lakini majeneza mawili ya nje ni ya mbao zilizofunikwa kwa dhahabu, na makasha makubwa manne yaliyoyazunguka yote ni ya mbao vilevile. Hata mtu aliyezikwa na dhahabu ya kilo mia hakuweza, au hakuona haja, kuwa na dhahabu tupu kila mahali.

Jambo hili linawezekana kwa sababu ya tabia ya dhahabu yenyewe. Ni madini laini mno. Ukiifua kwa nyundo haipasuki, inazidi kutanda. Leo wafua dhahabu huifikisha kwenye unene wa sehemu moja ya kumi ya elfu moja ya milimita, kiasi kwamba gramu 1 inaweza kufunika karibu nusu ya meta ya mraba. Pumzi tu inatosha kuipeperusha. Katika insha hii nitauita "utando wa dhahabu", maana kwa wembamba huo neno "bamba" ni zito mno.

Mwandishi wa Kirumi Plinio, aliyeishi karne ya 1 B.K., aliandika kwamba wakia moja ya dhahabu ilitoa tando zaidi ya 750, kila moja ikiwa na upana wa vidole vinne kila upande. Anaeleza pia kwamba dari za Roma zilianza kupakwa dhahabu katika hekalu la Capitol baada ya kuangamizwa kwa Carthage, mji ulioanguka mwaka 146 K.K., na kwamba baadaye desturi hiyo iliingia katika nyumba za watu binafsi. Hapa tunaona jambo litakalojirudia katika historia yote hii: dhahabu inaanza hekaluni au kwenye jumba la mfalme, kisha watu wa kawaida wanaitazama, na baada ya muda wanataka yao nyumbani.

Mafundi wa Misri waliacha somo lingine muhimu kwangu. Hawakubandika dhahabu moja kwa moja juu ya mti. Kwanza waliupaka tabaka la unga mweupe uliochanganywa na gundi ili kuziba matundu na nyuzi za mbao. Utando mwembamba namna ile hauwezi kuficha kitu. Mkwaruzo ulio chini yake utaonekana juu yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya dhahabu si dhahabu. Ni kuandaa mahali pa kuiweka.

Karakana ya Cennini na swali la mtu maskini

Maelezo kamili niliyoyapata kuhusu kazi hii ni ya mchoraji wa Kiitalia aitwaye Cennino Cennini. Alizaliwa Colle di Val d'Elsa, akajifunza kazi kwa miaka 12 kwa bwana wake Agnolo Gaddi, na karibu na mwaka 1400 akaandika kitabu cha kufundisha mafundi. Wakati huo picha nyingi zilichorwa juu ya mbao kwa ajili ya makanisa, na fremu haikuwa kitu cha pekee. Ilichongwa na kuunganishwa na ubao wenyewe, ikapakwa unga mweupe pamoja nao na kutiwa dhahabu pamoja nao.

Utaratibu anaoueleza Cennini ni mrefu. Mbao hupakwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama. Kisha hufuata tabaka za jasi iliyochanganywa na gundi hiyo, kwanza jasi ya chembe kubwa, halafu jasi laini iliyolowekwa na kukorogwa kila siku kwa mwezi mzima. Hupakwa tabaka juu ya tabaka, hata nane, kisha hukwanguliwa mpaka zinakuwa laini. Juu yake huja udongo mwekundu laini uliokorogwa katika ute wa yai. Udongo huo hulowanishwa kwa maji, utando wa dhahabu unatuliwa juu yake, na ukishakauka kiasi husuguliwa kwa jiwe la hematiti au kwa jino la mnyama alaye nyama, kama mbwa, mpaka ung'ae. Wekundu ulio chini ndio unaoipa dhahabu joto lake. Ukitazama fremu kuukuu za Ulaya, hata pichani, utauona wekundu huo kwenye pembe zilizochakaa.

Cennini alijua pia hesabu za gharama. Anasema kwamba wafua dhahabu walitoa tando 145 kutokana na sarafu moja ya dukati, lakini anamshauri fundi kwamba kwa sehemu zilizo bapa achukue zile ambazo dukati moja imetoa 100 tu, kwa kuwa ni nzito zaidi. Hapa ndipo nilipoanza kumsikiliza kwa makini. Anaeleza waziwazi njia za gharama ndogo pia: bati jeupe linalopakwa vanishi ya manjano hadi lifanane na dhahabu, kisha linakatwa na kubandikwa ukutani. Hakuficha njia hiyo wala hakuiita wizi. Ilikuwa sehemu ya ufundi.

Hata hivyo, anaweka mpaka. Anamhimiza fundi atumie dhahabu safi na rangi nzuri, hasa katika sura ya Bikira Maria. Kisha anajiwekea swali mwenyewe: vipi kuhusu mtu maskini asiyeweza kulipa? Jibu lake ni kwamba fundi afanye kazi nzuri hata hivyo, kwa maana atapata sifa, na tajiri mmoja atakuja kumlipa fidia ya maskini yule. Nililisoma jibu hilo mara kadhaa. Ni jibu zuri kwa fundi, lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Nilikuwa yule maskini, na tajiri wa kunilipia hakuwepo.

Jambo moja zaidi lilitokea Italia katika karne iliyofuata. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika kitabu kuhusu uchoraji, na humo akasema kwamba mchoraji anayeonyesha mng'ao wa dhahabu kwa kutumia rangi za kawaida anastahili sifa kuliko anayebandika dhahabu yenyewe ndani ya picha. Lakini hakuona tatizo dhahabu ikitumika katika mapambo yanayoizunguka picha, kama nguzo zake na misingi yake. Ukiangalia kilichofuata, utaona kana kwamba dhahabu ilihama: ilitoka ndani ya picha, ikaenda kukaa ukingoni. Huko ndiko iliko mpaka leo, hata katika fremu ya bibi yangu.

Fedha, ngozi na shaba

Fremu zilipoachana na picha na kuwa bidhaa ya kununuliwa peke yake, wanunuzi waliongezeka, na njia za kupunguza gharama ziliongezeka pamoja nao. Nitataja tatu.

Njia ya kwanza ni fedha, yaani madini meupe, iliyopakwa vanishi ya manjano. Fedha ina bei ndogo kuliko dhahabu, na vanishi inafanya kazi mbili: inaipa rangi ya dhahabu na inaizuia isiwe nyeusi. Fremu nyingi za Italia na Ujerumani zilitengenezwa hivyo. Hata zile ngozi maarufu za Uhispania na Uholanzi zilizopamba kuta za matajiri, ambazo ziliitwa ngozi za dhahabu, kwa kawaida hazikuwa na dhahabu hata chembe. Zilikuwa na fedha chini na vanishi ya manjano juu.

Njia ya pili inahusu nakshi. Hadi karne ya 18 maua na majani ya fremu yalichongwa kwa mkono. Kuelekea mwisho wa karne hiyo, mafundi wa London na kwingineko walianza kutumia kinyunga cha chaki, gundi, utomvu na mafuta ya kitani. Kinyunga hiki kilikandamizwa katika kalibu kikiwa na moto, kikatolewa kikiwa ua kamili, kikabandikwa kwenye mbao. Kalibu moja ilitoa maua mamia. Mchongaji alipoteza kazi, na mtu wa kipato cha kati akapata fremu ya nakshi.

Njia ya tatu ndiyo inayonihusu mimi: shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Nayo hufuliwa ikawa tando, ingawa nene kuliko za dhahabu. Nchini Ujerumani, eneo la Nuremberg na Fürth lilipata umaarufu mkubwa kwa tando hizi na kwa unga wake, ilhali mji jirani wa Schwabach ulijulikana kwa wafua dhahabu halisi. Miji ya jirani, nyundo zinazofanana, madini tofauti.

Tatizo la shaba ni moja. Dhahabu haidhuriwi na hewa wala maji, ndiyo maana jeneza la Tutankhamun lilikutwa linang'aa baada ya miaka zaidi ya 3,000. Shaba hushambuliwa na unyevu, jasho la mikono na tindikali zilizomo katika mafuta. Kwanza inakuwa kahawia, kisha inatoa kutu ya kijani. Mafundi wa zamani walilijua hilo, na kwa sababu hiyo hawakuiacha shaba uchi. Waliifunika kwa vanishi. Mimi sikulijua.

Siri ya Bessemer

Unga wa shaba una kisa chake, na ndicho kisa kilichonishangaza kuliko vyote. Anayekisimulia ni Henry Bessemer, mvumbuzi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1813, ambaye masimulizi ya maisha yake yalichapishwa mwaka 1905.

Dada yake alikuwa na mkusanyo wa picha za maua alizozichora, akamwomba aandike jina kwenye jalada lake. Bessemer akaenda kununua unga wa rangi ya dhahabu. Alitozwa shilingi 7 kwa wakia moja. Alipochunguza, akaona kwamba unga ule haukuwa na dhahabu. Ulikuwa shaba ya manjano tu, madini ambayo yeye aliyazoea na kuyajua bei yake ndogo. Basi fedha yote ile ililipia nini? Ililipia mikono. Wafua shaba wa Ujerumani walifua tando nyembamba, kisha tando hizo zikasagwa kwa mkono juu ya jiwe pamoja na asali, halafu asali ikaoshwa.

Bessemer akaamua kutengeneza mashine. Jaribio la kwanza lilishindwa: unga ulitoka, lakini haukung'aa. Baadaye aliutazama kwa hadubini, akaufananisha na unga wa Ujerumani, akaona tofauti. Unga wa Ujerumani ulikuwa vijani bapa, na kila kijani kilirudisha mwanga kama kioo kidogo. Wa kwake ulikuwa chembe zilizojikunja. Alipotengeneza mashine ya kutoa vijani bapa, akafaulu.

Hakuomba hataza. Aliona kwamba akiandikisha uvumbuzi huo, kila mtu angeujua. Badala yake aligawa michoro ya mashine kwa viwanda mbalimbali ili pasiwe na mtu hata mmoja anayejua umbo lake zima, akajenga karakana London, na kazi ya ndani akawakabidhi shemeji zake watatu, ndugu za mke wake. Siri ilidumu kwa miongo kadhaa. Faida yake ndiyo iliyompa uwezo wa kufanya majaribio mengine, na mwezi Agosti 1856 alitangaza mjini Cheltenham njia yake mpya ya kutengeneza chuma cha pua kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Njia hiyo ilibadilisha reli, meli na madaraja ya dunia.

Wanafunzi wengi tunamjua Bessemer wa chuma. Wachache wanajua kwamba nyuma ya chuma hicho kulikuwa na unga wa kupakia fremu na majalada. Lakini kwa mada yangu kuna jambo jingine la kuangalia. Cennini alieleza njia zake zote, za ghali na za rahisi, ili kila fundi azijue. Bessemer alificha. Hata hivyo hakumdanganya mteja kwamba unga wake ni dhahabu. Alichoficha ni jinsi ya kuutengeneza. Mtu anaweza kuficha siri ya kazi yake bila kumwongopea mnunuzi kuhusu bidhaa, na mtu anaweza kueleza kazi yake yote huku akidanganya kwa neno moja. Mimi nilikuwa huyu wa pili, maana bibi aliniona kila siku uani nikichanganya vitu vyangu. Hakuna nilichokificha ila jina.

Uani kwetu Buyenzi

Sasa nieleze nilivyofanya, ili mwenzangu atakayejaribu asirudie kosa langu. Hatua zote, kama msomaji atakavyoona, ni za Cennini zilizopunguzwa ukali.

Nilisaga chaki za ubaoni, nikauchekecha unga wake kwa kitambaa, nikauchanganya na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo mpaka ukawa kama uji mwepesi. Hii ilichukua nafasi ya jasi na gundi ya ngozi. Nilipaka tabaka nne, nikiacha kila moja ikauke kabla ya inayofuata, kisha nikapiga msasa laini. Sehemu hii ilinichukua siku tatu na ndiyo iliyoamua sura ya fremu. Mahali nilipofanya haraka, kwenye pembe moja, alama za brashi zinaonekana hadi leo.

Juu yake nilipaka rangi nyekundu iliyoelekea udongo, badala ya ule udongo wa Italia. Ilipokauka nilipaka vanishi nyembamba, nikasubiri mpaka ikawa inanata kidoleni bila kulowesha. Hapo nikachovya brashi kavu katika unga wa shaba na kuupukuta juu yake polepole. Nilijifunga kitambaa puani, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo, maana unga ule huruka na si mzuri kwa mapafu. Kesho yake niliondoa unga uliozidi kwa pamba. Fremu iling'aa kupita nilivyotarajia.

Palibaki hatua moja: kuifunika yote kwa vanishi isiyo na rangi. Nilijaribu kwenye kipande cha pembeni, nikaona mng'ao umepungua kidogo. Nikaamua kuiacha. Nilitaka bibi aione ikiwa katika ubora wake wote siku ya arobaini. Kwa hiyo shaba ilibaki uchi, kila Ijumaa ikapanguswa kwa kitambaa kibichi, na unyevunyevu wa masika ya kando ya ziwa ukamalizia kazi.

Kwa kifupi, hatua niliyoiruka ndiyo ambayo mafundi wa shaba waliijua kwa karne nyingi. Niliiruka kwa sababu nilitaka shaba ionekane kama dhahabu kwa siku moja, badala ya kuitunza kama shaba kwa miaka mingi.

Shaba ilipokuwa dhahabu ya nchi hizi

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba shaba ni mbadala tu, kitu cha mtu aliyekosa dhahabu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ulaya. Lakini nilipogeukia historia ya kwetu, mizani ilibadilika.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani, kupitia Tabora hadi Ujiji, ilibeba bidhaa za aina tatu hasa: nguo, ushanga na nyaya za shaba, ambazo Waswahili waliziita masango. Nyaya hizo zilikunjwa kuwa bangili na vikuku, na wafuaji wa bara walizigeuza kuwa mapambo ya kila namna. Henry Morton Stanley, aliyenunua bidhaa zake Unguja mwaka 1871 ili kumtafuta Livingstone, anaeleza katika kitabu chake cha safari hiyo jinsi bidhaa hizo zilivyohesabiwa. Ushanga, anasema, ulikuwa kama sarafu za shaba, nguo kama sarafu za fedha, na waya ulihesabiwa kuwa dhahabu katika nchi za ng'ambo ya Tanganyika.

Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda. Kutoka ufukoni Bujumbura, siku isiyo na ukungu, milima ya ng'ambo ya Tanganyika inaonekana vizuri. Stanley na Livingstone wenyewe walifika kaskazini mwa ziwa hili mwezi Novemba 1871, na jiwe la Mugere, kusini kidogo ya jiji letu, bado lina majina yao. Shaba ile ambayo London iliuzwa kama kivuli cha dhahabu, huku ndiyo iliyokuwa kipimo cha thamani. Haikujifanya kitu kingine. Iliitwa shaba, na kwa Kirundi shaba ikaitwa umuringa, jina linalosikika mpaka leo.

Sisemi kwamba biashara ile ilikuwa ya haki. Misafara hiyohiyo ilibeba pembe na kuswaga watumwa, na shaba ilinunua vyote viwili. Ninachosema ni kwamba thamani ya madini haikuandikwa ndani ya madini. Iliwekwa na watu, mahali fulani, wakati fulani, na mwanahistoria anayeita shaba "dhahabu ya uongo" bila kuuliza ni wapi na kwa nani, amechukua mizani ya soko moja akaipimia dunia nzima.

Hitimisho

Baada ya kusoma haya nilirudi kwa bibi. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikamwambia ukweli: fremu ya babu haikuwa dhahabu, ilikuwa shaba, na nilijua hivyo tangu siku ya kwanza.

Bibi hakukasirika kama nilivyoogopa. Aliingia chumbani, akarudi na bangili nene iliyokuwa ya mama yake, mzaliwa wa Ujiji. Ilikuwa nyeusi kwa kukaa sandukuni. Akaagiza ndimu na majivu, akaisugua mbele yangu kwa dakika chache, ikatoka rangi ileile niliyoipata kwa siku tano za kazi. "Shaba ninaijua," akasema. "Ungeniambia ni shaba, nisingeifuta kwa maji. Nilidhani dhahabu ya siku hizi ndiyo imeharibika."

Basi uongo wangu haukuharibu moyo wake tu. Uliharibu na fremu yenyewe, kwa sababu mtu hutunza kitu kulingana na jina alilopewa. Fundi aliyepaka fedha vanishi ya manjano alijua kwamba ni fedha, akaifunika. Mama yake bibi alijua bangili yake ni shaba, akaisugua kwa ndimu. Kitu cha bei ndogo kinaweza kudumu na kuheshimika ikiwa wote wanaokishika wanajua ni kitu gani.

Katika mapumziko niliipiga fremu msasa mpaka kwenye wekundu, nikaipaka unga upya, na safari hii nikaifunika kwa tabaka mbili za vanishi. Haing'ai kama zamani. Mgeni akiuliza, bibi hujibu kabla yangu: "Ni shaba hiyo, ameifanya mjukuu wangu." Na Ijumaa asubuhi huifuta tena, kwa kitambaa kikavu.